Shangazi Yupo, Shangazi Hayupo

Nianze na kosa langu la kwanza, nalo ni kujiona. Nimefanya kazi kwenye maabara ya seli kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka hiyo yote nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba sijawahi kuandika lebo kwenye kifuniko. Niliwaambia wanafunzi, nikawaambia wageni, nikamwambia fundi aliyekuja kutia gesi kwenye friji. Niliwahi kumwambia mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi tukisubiri kung'olewa meno. Shavu limemvimba, maskini, hana hata njia ya kunikimbia.

Kwa asiyejua, nieleze. Seli tunazifuga ndani ya chupa bapa za plastiki zinazoenea kiganjani. Kila chupa ina kifuniko chake, na vifuniko vyote vinafanana. Ukiandika jina la seli kwenye kifuniko, halafu ukafungua chupa mbili kwa pamoja, ukaviweka vifuniko mezani, ukapiga chafya, kwisha. Wakati wa kufunga hujui kipi ni cha nani. Ini linaitwa ngozi, ngozi inaitwa ini, na seli zenyewe hazina mdomo wa kulalamika. Kwa hiyo lebo huandikwa ubavuni mwa chupa, mahali ambapo haiwezi kuhama. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Watu wazima wenye shahada ndio hawaelewi, kwa hiyo nikaanzisha adabu. Yeyote aliyeshikwa ameandika kwenye kifuniko, nilikichukua kile kifuniko, nikakitoboa, nikakitia uzi na kukitundika ukutani kando ya mlango, jina lake chini yake, mwaka mzima. Uzi ule umebeba wakubwa. Hata kifuniko cha Profesa, mkuu wa maabara yetu, kimewahi kuning'inia pale, na yeye ndiye anayenisainia likizo. Ndipo wakaniita Mama Lebo. Mtoto wa kuzaa sina, lakini lebo ninazo maelfu, na zote nilijisifu kuwa nimezilea vizuri.

Miaka minne iliyopita akaja mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ambaye kabla ya hapo alikuwa akifundisha biolojia sekondari. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ana mume na watoto wawili. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa akifuta ubao kwa kiganja na kutusubiri tunyamaze kabla ya kuongea. Shule yake ilikuwa imempa ruhusa ya masomo ya miaka minne, siku moja isizidi. Akaiacha familia yake mji mwingine, akaja kusoma kitu ambacho wataalamu walikuwa wamekiita takataka kwa muda mrefu.

Takataka yenyewe nilijaribu kumweleza mama yangu, ambaye ninaishi naye na ambaye hajawahi kuelewa ninafanya nini mchana kutwa. Nilimwambia hivi: mama, kila seli ya mwili imebeba kitabu kizima cha maagizo. Seli ya ini ina kurasa za jicho, za mfupa, za kucha, zote zimo. Linaloifanya iwe ini ni kwamba kurasa zisizoihusu zimebanwa, hazisomeki. Chukulia kama vibanio vya nguo. Seli ikigawanyika, inawarithisha binti zake na vibanio vilevile, ndiyo maana ini huzaa ini, halizai kucha.

"Kwa hiyo miaka yote hii unasomea vibanio," akasema mama.

Nikamwambia ndiyo, na zaidi ya hapo tunasoma ni nani anayeelekeza kibanio kikae wapi. Hapo ndipo ilipo takataka ya Mwalimu. RNA tunayoifahamu wengi ni ile inayonakili ukurasa na kuupeleka ukatengenezewe protini, na protini ndizo zinazofanya kazi za mwili. Lakini ziko RNA nyingine hazitengenezi protini yoyote. Zimo tu ndani ya seli. Watu walizidharau kwa sababu hazina kitu cha kuonyesha. Kumbe baadhi yake zinakwenda kukaa juu ya kurasa fulani na kuwaita wenye vibanio: bana hapa, hapa acha, pale nyamazisha.

Mwalimu aliipata moja ya namna hiyo kwenye seli za ini. Jina lake la kitaalamu ni msururu wa herufi na tarakimu, kwa hiyo kwenye kikao cha Ijumaa akatuambia ameipa jina la nyumbani: Shangazi.

"Kwa nini Shangazi?" akauliza Profesa.

"Hapiki, hateki maji, hana mtoto," akasema Mwalimu. "Lakini akiondoka, hakuna mtu anayejua nafasi yake."

Maabara nzima ikanigeukia. Mimi ni shangazi wa watoto tisa na hakuna asiyejua. Nilinuna siku mbili. Nilimjibu Mwalimu kwa neno mojamoja, na pipeti ya kunyonyea matone nikamwazima ile inayovuja. Siku ya tatu, nikiwa naosha mikono, nikajitazama kwenye kioo na kujiambia, lakini ni kweli, bila mimi hapa nani angejua nafasi yake? Kichwa kikavimba palepale. Tangu siku hiyo mtu akiuliza Shangazi anaendeleaje, nilikuwa nikijibu mimi.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya. Kwenye kundi moja la seli za ini aliukata ukurasa unaomtoa Shangazi, akautupa. Kundi jingine akaliacha lilivyo. Chupa za kundi la kwanza ziliandikwa HAYUPO, za kundi la pili YUPO. Baada ya siku ishirini na moja tunaangalia ni zipi bado zinajijua. Ini linalojijua hutengeneza albumini, protini inayoingia kwenye damu, na ukilitazama kwa hadubini seli zake zimebanana kama vigae vya sakafu. Lililojisahau huacha kutengeneza, na seli zake hurefuka na kutawanyika ovyo.

Alifanya mara ya kwanza, HAYUPO zikajisahau. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Nilitembea kwa madaha utadhani Shangazi alikuwa ametoka tumboni mwangu. Wasahihishaji wa tasnifu wakasema vizuri sana, ila tunaomba mara ya nne, kwa seli za kundi jipya, ndipo tumpitishe.

Mara hiyo ya nne, siku ya kuhamishia seli kwenye chupa mpya ikaangukia Jumamosi, na Jumamosi hiyo Mwalimu alikuwa kitandani na homa. Akanipigia simu sauti imemkauka. Nikamwambia, lala, mwanangu, niachie mimi, hizi mimi nahamisha hata nikiwa nimefumba macho. Aibu yangu ni kwamba hilo ndilo nililolifanya, lakini wakati huo sikujua. Nilikumbuka tu kwamba nilienda, nikahamisha, nikaandika ubavuni YUPO na HAYUPO, nikatia chupa kwenye kabati la joto, nikaenda kusuka nywele.

Siku ya ishirini na moja matokeo yakaja kichwa chini miguu juu. HAYUPO zilikuwa ini safi, vigae vitupu. YUPO ndizo zilizojisahau.

Ijumaa hiyo tukaitwa ofisini kwa Profesa, Mwalimu na mimi. Profesa si mtu wa kupayuka. Alizipanga picha mezani akauliza taratibu kilichotokea. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti lake la maabara. Akanitazama mimi, hakumtazama Profesa.

"Mama," akasema, "nilikuwa nafikiri, labda lebo..."

Hakumaliza. Jamani, mdomo huu. Nilimwambia mimi nilikuwa nikiandika lebo yeye akiwa bado yuko shule ya msingi. Nilimwambia lebo zangu hazikosei, na kwamba homa ni ya mwili, isimpande kichwani akaanza kuwasingizia waliomsaidia. Nilimwuliza kama anataka nikamwonyeshe uzi, ahesabu vifuniko, anionyeshe changu kiko wapi. Akainamisha uso. Mkono ukabaki mfukoni.

"Kama ni Mama Lebo aliyehamisha, lebo ni sahihi," akasema Profesa. "Basi, Mwalimu, zile mara tatu za kwanza zilikuwa nini?"

Hapo nikaelewa swali linakoelekea, na bado sikusema kitu. Maana yake ilikuwa kwamba huenda Mwalimu aliyapika matokeo. Profesa akamwambia asiguse chupa wala karatasi mpaka Jumatatu saa nne, ambapo wasahihishaji watatu watakuja kuamua kama anaendelea au anaondoka. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa. Kurudia jaribio kunataka ishirini na moja, bila kuhesabu maandalizi. Kwa maneno mengine, Jumatatu wakimkataa, anarudi kwa wanafunzi wake bila shahada, na jina la mpika matokeo linamtangulia shuleni. Alitoka ofisini akapita kando ya ule uzi wangu bila kuutazama.

Kesho yake nilikuwa nyumbani na hasira zangu. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilipanga mikebe ya jikoni upya, nikaifuta yote, kisha nikapika chai nikamwandalia mama. Mama alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu. Kwa nini?"

"Nimedhani ni machozi umenitilia humu."

Nikaonja. Chumvi tupu. Nikasema haiwezekani, nimechota kwenye mkebe wa sukari, umeandikwa sukari, na nikaenda kuuleta ili nimthibitishie. Mama ana miaka themanini na moja na miwani yake ina ufa, lakini aliuchukua mkebe, akafungua, akalamba kidole, kisha akaugeuza huku na huku.

"Mkebe haujaandikwa kitu," akasema. "Kilichoandikwa ni kifuniko. Umefuta mikebe, umechanganya vifuniko. Kazini si ndio unawatundika wenzako kwa hili?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba kazini ni kazini na jikoni ni jikoni. Lakini kile kifuniko mkononi mwake kilinirudisha kwenye Jumamosi ile kama mtu aliyevutwa sikio, na nikaiona siku nzima mbele yangu.

Msusi alikuwa amenipa miadi ya saa sita na mimi nilichelewa kufika maabara. Chakula cha seli nilikitoa kwenye friji nikakitumia kikiwa baridi, jambo ambalo ningemfokea mtu mwingine nusu saa. Kwa sababu kilikuwa baridi, chupa mpya zikatoka jasho, na kalamu ikateleza, haikushika ubavuni. Nikajiambia, weka alama kwenye vifuniko kwanza, zikikauka utaandika vizuri. Nikaandika. YUPO kimoja, HAYUPO kingine. Nikavifungua, nikavilaza mezani kifudifudi, maandishi chini. Simu ikaita, alikuwa msusi. Nikavua glavu moja nikajibu, naam, nakuja, dakika ishirini, anza kuchambua hizo rasta. Nikarudi nikafunga chupa. Chupa zilipokauka nikanakili ubavuni kilichosemwa na vifuniko. Kisha, na hapa ndipo ninapojishangaa, nikavitoa vile vifuniko vyenye maandishi, nikatupa kwenye mfuko wa taka, nikaweka vingine visafi. Kusudi asije mtu akaviona. Mkono ulificha na kichwa kikasahau, vikakubaliana bila kuniuliza.

Nilikaa chini kwenye kiti cha jikoni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na mimi niliyeurusha miaka yote hiyo nilikuwa nimeketi pale naupapasa ubavuni mwangu.

Jumapili asubuhi nilienda maabara peke yangu. Kujua kama lebo zimebadilishana si kazi ngumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ukurasa wa Shangazi ama upo kwenye DNA ya seli, ama umekatwa. Unachukua seli kidogo, unaitoa DNA, unaitia kwenye mashine inayonakili kipande kile mara nyingi, unakipitisha kwenye jeli, unawasha taa ya buluu. Ukurasa mzima unatoa mstari mmoja mahali fulani, uliokatwa unatoa mstari wake chini zaidi. Ni kazi ya saa tano tu. Mwalimu angeufanya mtihani huu Ijumaa ile ile kama nisingemfunga mdomo. Profesa angeuamuru kama nisingekuwa mimi.

Nilisubiri nikiwa nimesimama. Taa ilipowaka, chupa niliyoiandika HAYUPO ilikuwa na ukurasa mzima. Shangazi yumo ndani, ametulia, na seli zake ni ini. Chupa niliyoiandika YUPO ilikuwa imekatwa. Kwa hiyo jaribio la nne lilikuwa limetoa jibu lile lile la mara tatu za mwanzo. Seli zilijua zilivyo siku zote. Aliyepotea ni mwandishi.

Ningependa kusema nilikimbia moja kwa moja kwenda kumpigia simu Profesa. Nilikaa na ile picha karibu saa nzima, nikitafuta upenyo. Nilifikiria kubandua lebo na kuziandika upya, kisha niseme waliopima albumini ndio walichanganya. Fundi aliyepima alikuwa ameacha kazi Ijumaa ile ile jioni, hayupo wa kujitetea. Mwalimu angepona, na mimi ningebaki na jina langu. Lilinijia vizuri mpaka nikaanza kuchagua maneno ya kumsikitikia yule fundi. Nilipojisikia nayachagua, nikaona haya peke yangu, nikazima taa ya buluu.

Jioni mama akaniuliza kama mikebe ya kazini nayo nimeichanganya. Nikamwambia ndiyo, na kuna mtu atafukuzwa kwa ajili yangu.

"Na wewe umesemaje?"

"Bado sijasema."

"Mficha uchi hazai," akasema mama, akaendelea kumenya chungwa lake.

Kwa upande wangu methali ile ilinipata mara mbili. Sikuwa na hali ya kucheka, lakini nilicheka.

Jumatatu nilivaa gauni la kitenge lililonyooshwa vizuri, kama mtu anayekwenda kuposwa, nikaingia kwenye kikao bila kuitwa. Wasahihishaji watatu walikuwa upande mmoja wa meza, Profesa pembeni, Mwalimu peke yake upande wa pili na koti lake la maabara. Walidhani nimeleta maji. Nikaiweka picha ya jeli mezani nikawaeleza yote kwa mpangilio wake: chakula baridi, jasho la chupa, vifuniko, simu, glavu, mfuko wa taka. Nilipofika kwenye msusi, msahihishaji wa katikati alizitazama nywele zangu. Wiki ya nne ilikuwa imeingia na zilikuwa zimeanza kufumuka.

"Una hakika na matokeo haya?" akauliza.

"Sina," nikasema. "Ijumaa nilikuwa na hakika, na mmeona. Chupa zipo. Apime mtu mwingine, mimi nisiziguse."

Profesa alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta wa nyumba yake ni wa karatasi. Wakamwita fundi wa maabara ya jirani, akapima, na saa kumi alasiri mistari ikatoka mahali palepale. Wakamwambia Mwalimu matokeo yake manne yanakubaliana, tasnifu inakwenda mbele, aandike sura ya kueleza lebo zilivyobadilishwa. Profesa akamwomba radhi mbele yao. Mwalimu akasema asante, akaenda kusimama kwenye korido, na mimi nikamfuata kwa sababu zamu yangu ya kuomba radhi ilikuwa bado.

Nilikuwa nimejiandaa. Kabla sijaanza, alitoa mkono mfukoni akaufungua. Kiganjani palikuwa na vifuniko viwili. YUPO, HAYUPO. Ile Y yangu yenye mkia mrefu hakuna mwingine anayeiandika.

"Ulivitoa wapi?"

"Kwenye mfuko wa taka, Jumatatu ile niliporudi kutoka kwenye homa. Nilikuwa naupeleka kuchemshwa kabla haujatupwa, nikaviona."

"Wiki tatu?"

"Mwanzoni sikuwa na wasiwasi. Nilijua umeandika kwenye vifuniko, basi, nikacheka peke yangu. Nikavihifadhi nije nikutanie siku nikimaliza." Akavifunga tena mkononi. "Matokeo yalipogeuka ndipo nikaelewa. Siku ile ofisini nilikuwa navyo mkononi, Mama. Nilikuwa navitoa."

"Mbona hukuvitoa?"

Ana ile tabia yake ya kusubiri darasa linyamaze, na korido nzima ilikuwa kimya tayari.

"Ulininyamazisha," akasema.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwamba alikuwa anakwenda kupoteza miaka minne aliyoishi mbali na watoto wake, kila kitu, na ushahidi umo mfukoni. Angenyamaza mpaka lini?

"Ningenyamaza tu. Sote hapa huwa tunanyamaza, Mama. Tumezoea."

Nikakumbuka jinsi Shangazi anavyofanya kazi, jambo nililokuwa nimelieleza kwa wageni mara mia kwa kujivuna: anakwenda anakaa juu ya ukurasa, anaunyamazisha.

"Kumbe ndiyo sababu uliipa jina lile," nikasema.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Mwanzoni ilikuwa heshima."

Nimefokewa na watu wengi maishani, na nimewafokea wengi zaidi, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile "mwanzoni". Nilimwomba radhi, yale maneno niliyoyaandaa yote yakapotea, yakatoka mengine yasiyo na mpangilio. Nililia pia, nisifiche, nikajifutia mkono wa gauni. Aliniacha nilie. Nilipomaliza akanipa vifuniko.

"Shangazi mwenyewe hanyamazishi kila kitu," akasema. "Ananyamazisha kurasa zisizolihusu ini. Za ini anaziacha zisomwe."

Vifuniko nilivitoboa mwenyewe na kuvitundika mwenyewe, vyote viwili, jina langu chini yake. Nilidhani watu watapita wakitazama pembeni. Kabla ya saa za kufunga, dada anayefanya usafi akasimama pale, akasoma, akaniambia taratibu kwamba, kwa kuwa leo ndiyo leo, friji ninayoifunga kwa goti kila siku imeharibika mpira kwa sababu ya goti langu, na amekuwa akiibana kwa gundi miaka mitano. Mtunza stoo naye akaja. Akasema fomu yangu ya kuomba glavu ina ukurasa wa pili ambao hakuna aliyewahi kuuelewa. Kijana wa kompyuta akasema mimi ndiye ninayechomoa ule waya wa mtandao kila siku. Profesa alikuja wa mwisho, na aliyoyasema siyarudii hapa. Nikasimama nikasikiliza mmoja mmoja. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaufunga. Nilipofika nyumbani taya zilikuwa zinauma.

Mikebe ya jikoni nilikuta mama ameshaiandika ubavuni kwa kalamu yangu nene. Ameandika CHUMVI kwenye sukari kwa sababu miwani ina ufa, lakini nikamwambia, akakasirika, akafuta, akaandika tena.

Jumatano Mwalimu alikuwa anahamisha seli zake za mwisho kabla ya kuondoka, akaniomba nimsaidie. Nilipasha chakula kwanza. Nikakausha chupa kwa karatasi laini, nikaishika ya kwanza mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na mkono wa kulia, haki ya Mungu, ukaanza kwenda kwenye kifuniko.

"Ubavuni, Mama," akasema Mwalimu.

Hakuna mtu wa maabara yetu aliyewahi kuniambia hivyo hata siku moja. Neno la kumrudi lilikuja mpaka ulimini, nikalimeza. Nikaandika ubavuni, naye akasimama pale akitazama mpaka nikamaliza ile Y.